Darubini Mbili na Cheche za Mrina Asali

Vijana wa siku hizi wameshaona kila kitu kwenye simu kabla hawajakiona kwa macho. Nikikaa barazani kwa fundi saa, karibu na soko kuu hapa Tabora, hawakosi wawili watatu wa kunichokoza. "Mzee, wewe ulikuwa jeshini. Ipi kali, darubini ya kijani au ile ya joto? Risasi zikiruka usiku, ipi inaziona vizuri?" Wanauliza kama watu wanaobishania timu za mpira. Nikiwa na nguvu nawajibu kwa mkato: ukitaka kuona risasi, chukua ya kijani, ukitaka kuona mtu, chukua ya joto. Hawaridhiki. Wanataka mshindi. Basi nasingizia swala ya alasiri, najizoazoa, naondoka, hata kama adhana bado.

Swali hilo hilo niliwahi kuulizwa na wakubwa, na jibu langu lilikuwa la kumfungua mtu pingu au kumpeleka jela. Tangu hapo silipendi.

Nilipostaafu jeshi sikupata kupumzika. Pensheni ya askari wa cheo changu inakutosha kama huli. Nikawa nafundisha silaha kwa mkataba, nazunguka kwenye vikosi vya walinzi wa misitu na wanyamapori wa upande huu wa magharibi. Nafundisha kulenga, kusafisha bunduki, na kujizuia kupiga, somo ambalo hakuna anayelipenda na wengi wanalisinzilia. Kikosi kimoja kilikuwa kinalinda msitu uliopakana na njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikitoka Tabora kuelekea Ujiji. Meno ya tembo yalipita hapo mabegani mwa babu zetu. Siku hizi zinapita baiskeli za mkaa na pikipiki zenye marobota ya tumbaku, na wakati mwingine meno ya tembo bado, ila sasa yamefichwa chini ya marobota. Ndiyo maana walinzi walipewa darubini za usiku.

Mkuu wa kikosi hicho alinipigia simu asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, mwenye sauti ya kumbembeleza hata anayemdai. "Mzee, kuna jambo dogo. Tunahitaji utaalamu wako."

Jambo dogo lenyewe lilikuwa hivi. Walinzi wake watatu walikuwa doria, giza limeshaingia. Walibeba darubini ya kijani peke yake. Hiyo inakusanya mwanga kidogo uliopo, wa nyota au wa mwezi, na kuuongeza mpaka uone miti na njia, vyote vimegeuka rangi ya kijani. Aliyekuwa mbele akaiweka jichoni, akaona vimulimuli vya moto vinatoka juu ya miti na kuwajia. Akapaza sauti: tresa. Tresa ni risasi ambayo kitako chake kinawaka ikiwa inaruka, ili mpigaji aone inakokwenda. Wenzake wakapokezana darubini, nao wakaona. Wakalala chini, na yule wa mbele akajibu kwa bunduki. Kitu kizito kikaanguka kutoka mtini.

Kilikuwa mtu. Risasi ilikuwa imemvunja paja. Pembeni yake palikuwa na kamba, ndoo, na kienge, yaani kile kitita cha maganda ya miti kinachowashwa kutoa moshi, kinafuka bado. Bunduki haikuonekana. Lakini taarifa iliyofika polisi ilisema majangili walianza kupiga, mmoja amejeruhiwa, mwenzake katoroka na silaha. Kwa hiyo yule mtu alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, mguu mmoja umefungwa plasta, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda, anasubiri kushitakiwa kwa kuwashambulia askari kwa risasi. Kesi ya namna hiyo mtu anaingia na nywele nyeusi, anatoka na mvi.

"Mpelelezi wa polisi ana wasiwasi kidogo," mkuu akaniambia nilipofika. "Anauliza kama kweli darubini ile inaweza kuonyesha tresa. Wewe mweleze tu kwamba inaonyesha. Ukisema hivyo tumemaliza."

Na ni kweli inaonyesha. Hapo ndipo nilipochoka. Katika vyombo vyote nilivyowahi kuweka jichoni, hakuna kinachoonyesha tresa kuliko ile ya kijani. Hata zile hafifu, ambazo jicho tupu halizioni, kwenye kijani zinawaka. Alichokuwa ananiomba niseme kilikuwa ukweli mtupu, na ungemfunga mtu.

Nikamwambia nitapita kwanza hospitali.

Mkewe ndiye niliyemkuta kando ya kitanda, mwanamke mzaliwa wa Bukene, mwembamba, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Akanisalimu mwangaluka, salamu ya Kinyamwezi, kisha akaona viatu vyangu vya kijeshi, akabadilisha: "Shikamoo." Nikaitikia marahaba, nikavionea haya vile viatu. Mumewe alikuwa amelala, au anajilaza, uso umeelekea ukutani. Mlinzi wa polisi alikuwa mlangoni anacheza na simu.

"Baba, umekuja kuuliza nini?" mama yule akaniambia. "Wameshauliza wote. Huyu hana bunduki. Hajawahi kuwa nayo. Hata manati hana. Alikwenda kurina asali."

"Saa zile?"

Akanitazama kama ananipima akili. "Nyuki unawarina mchana?"

Nilijua jibu, nilitaka kulisikia kwake. Baba yangu mwenyewe alikuwa mrina asali, huko kijijini kabla hatujahamia mjini. Mizinga ya magome inatundikwa juu kabisa ya miti, na mrina anapanda giza likishaingia, maana usiku nyuki hawaruki hovyo. Anapanda na kienge kinachofuka. Akifika kwenye mzinga anakipigapiga kwenye tawi, cheche zinamwagika, na nyuki wanazifuata cheche mpaka chini wakidhani ndiye adui. Yeye huko juu anabaki na nafasi ya kukata masega. Kila mtoto wa Kinyamwezi aliyekulia porini ameona mti unaomwaga moto namna ile, na hakuna hata mmoja anayeogopa. Tulikuwa tunakaa mbali tunangoja masega.

"Wamfungue mkono tu," mama akasema. "Mguu wameuvunja, atakimbilia wapi? Hata kula analishwa. Mtu mzima na watoto wake, analishwa kwa kijiko."

Nikamwambia nitaona. Ni neno baya, nitaona, tunalitumia tukiwa hatuna la kusema. Na yeye alilijua hivyo hivyo, maana alirudi kumpepea mumewe bila kuniaga.

Aliyepiga risasi nilimfahamu vizuri. Alikuwa mtu wa pwani, Mzaramo, umri wa thelathini na kitu, ana mke na mapacha, na kwa kuwa mimi ni Mnyamwezi, alikuwa mtani wangu. Utani wetu sisi na wao ulianzia kwenye misafara hiyo hiyo, babu zetu wakishuka na mizigo mpaka kwao. Kila nilipokwenda kufundisha alikuwa ananipokea begi akisema mpagazi kafika, mpeni chumvi apumzike. Na mimi namwambia ninyi ndio mliokuwa mnatuibia tukilala. Watu wanacheka, kazi inaanza.

Siku hiyo hakuja kunipokea begi. Nilimkuta nyuma ya bweni anafua sare ambayo ilikuwa safi.

"Mtani," nikamwambia, "umekuwa dobi?"

"Shikamoo mzee," akasema. Mtani wangu hajawahi kuniamkia. Nikakaa juu ya jiwe.

Akaniuliza kama ni kweli watu wa huku wanapanda miti na moto. Nikamwambia ni kweli. Akauliza kama moto wenyewe unaanguka. Nikamwambia unaanguka sana. Akaendelea kufua. "Kwetu asali inauzwa kwenye chupa," akasema. "Mimi sijawahi kuona inakotoka."

Mtu amekulia kwenye minazi, wanamleta kulinda miyombo, wanampa darubini ya kuona gizani, na hakuna aliyemwambia gizani kuna nini. Nilikasirika. Niliinuka kwa shida.

Nikarudi kwa mkuu nikamwambia sitasema neno kwa mpelelezi mpaka tujaribu. Twende pale pale, saa zile zile. Tupige tresa halisi kwenye kichuguu, kisha mrina apande mti na kienge, na darubini zote mbili ziwepo, ya kijani na ya joto. Mpelelezi aangalie mwenyewe.

"Kwa nini na ya joto?" mkuu akauliza.

"Kwa sababu unayo."

Alivuta midomo. Sauti yake ya kubembeleza ikapungua. Akaniambia mzee unatuchimbia shimo, hawa ni vijana wetu. Nikamwambia na yule aliyefungwa kitandani ni wa nani? Akasema atafikiria. Nikampigia mpelelezi mimi mwenyewe, naye akasema anataka kuona, basi fikira zikaishia hapo.

Tatizo likawa mrina. Hakuna aliyekubali. Nilizunguka kijiji kizima pamoja na mtendaji, nyumba kwa nyumba, tukipewa viti na maji na majibu ya heshima. Mmoja ana kifua. Mwingine ana mgeni. Mzee wa kanisa akaniambia wazi: baba, unataka mtu apande mti gizani na moto mkononi, mbele ya watu wale wale na bunduki zile zile? Ungepanda wewe? Nikasema kama ningekuwa na magoti. Hakucheka.

Mwishowe alikubali shemeji wa mgonjwa, kaka wa yule mama, na alikubali kwa sababu dada yake alimwambia. Mama naye akaweka sharti lake: atasimama pale pale penye askari mpaka kaka yake ashuke. "Mkitaka kumpiga, mtaanza na mimi," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga nani atabeba kuni.

Tukaenda. Jua lilishazama, mwezi haukuwepo, na msitu ulikuwa umeanza kupoa. Tulipiga tresa kwanza. Mtani wangu ndiye niliyempa bunduki, akalenga kichuguu. Mimi na mpelelezi tukapokezana darubini.

Kwenye kijani tresa ilikuwa mstari mnene, unawaka mpaka unameza miti ya jirani, ikigonga kichuguu inaruka juu na kuzimikia mbali. Kwenye ile ya joto ilikuwa uzi tu, tena uzi uliokatikakatika, na mara nyingine hukuuona kabisa. Ila bunduki yenyewe ilionekana mtutu wake mweupe umepata moto, na kwenye kichuguu matundu ya risasi yalibaki yanang'aa kitambo. Na mpigaji alionekana mwili wote, mikono, masikio, hata jasho lililopoa mgongoni likaonekana kama doa jeusi. Darubini hiyo haina haja na mwanga. Inaona kilicho na uvuguvugu.

"Kwa hiyo ya kijani ndiyo bora kwa tresa," mkuu akasema haraka, kwa mpelelezi.

"Ndiyo bora," nikasema. "Subiri."

Shemeji akapanda. Tulisikia tu gome likikwaruzwa. Kisha juu kabisa pakatokea wekundu kidogo, akakipiga kienge kwenye tawi. Upepo ulikuwa unatoka kwake unakuja kwetu, kama ulivyokuwa siku ile.

Nikamwambia mpelelezi aweke ya kijani jichoni. Hakukaa nayo hata kidogo, aliinamisha kichwa kama mtu aliyerushiwa jiwe. Nilimwelewa. Kijani hakina mbali wala karibu. Tresa inayokwenda pembeni unaiona mstari, lakini inayokujia wewe haichori mstari. Inakuwa nukta inayoelea, inakua polepole, unadhani haina haraka. Na cheche inayopeperushwa na upepo kuja usoni kwako ni nukta inayoelea, inakua polepole. Mimi niliyewahi kupigwa tresa mpakani ujana wangu, nilipoitazama niliinama kama yeye. Nilijua ni kienge, na bado niliinama.

Mpelelezi akamwita mtani wangu. "Njoo uangalie. Ulichokiona siku ile kilifanana na hiki?"

Mkuu akaingilia. "Afande, huyu bado hajatulia, pengine tungemwacha apumzike, taarifa yake ipo."

Mtani wangu alikuwa ameshaichukua darubini. Aliangalia muda mrefu. Wakati huo shemeji alipiga kienge tena, cheche zikamwagika, na mimi bila chombo niliziona ni vijicheche vyekundu tu, vinazima kabla havijagusa nyasi.

"Ndicho nilichokiona," akasema. "Si kilifanana. Ni hiki."

"Una hakika?" mkuu akamwuliza. "Fikiri vizuri. Unajua unachosema?"

"Najua, mkuu. Nilimpiga mtu aliyekuwa anarina asali." Akanirudishia darubini, akaenda kukaa kwenye kisiki, kofia mkononi.

Nimeshaona watu wakipewa nishani kwa mambo madogo kuliko lile. Yeye alichopata ni kusimamishwa kazi, na baadaye akarudi kwao. Nilimpigia simu mara kadhaa nikimwita mwizi wa mizigo ya watu. Anacheka kidogo, kwa heshima, kisha anauliza mguu wa yule baba unaendeleaje. Namwambia unaendelea. Mguu ulipona mfupi. Hakuna mti atakaoupanda tena, lakini hilo simwambii.

Mpelelezi alipiga simu pale pale porini, akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, tukamsikia akisema mfungueni, ndiyo, sasa hivi, pingu. Nikamtafsiria mama kana kwamba hakusikia. "Wanamfungua mkono, mama. Kesi haipo tena." Nilikuwa natarajia atalia au atapiga vigelegele. Alisema asante, baba. Macho yake yalikuwa bado juu mtini, kaka yake hajashuka.

Nadhani ni kwa sababu hiyo nilimpa ile darubini ya joto. Nilitaka aone kwamba kaka yake yuko salama. Nikamwonyesha pa kuweka jicho. Alikosea mara ya kwanza, kisha akatulia, akaishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni kaka yangu," akasema.

"Ndiye."

"Namwona vidole. Namwona anavyoshika kamba." Akasogeza kidogo. "Na mzinga ule pale, una moto ndani. Ni nyuki?"

"Ni nyuki."

"Cheche sizioni."

"Hii cheche haizijali sana. Inaona mtu."

Alimfuata kaka yake tawi kwa tawi anavyoteremka. Mimi nilikuwa nimeshaona hayo hayo kabla sijampa: mtu mweupe pee ndani ya mti mweusi, miguu miwili, mikono miwili, ndoo. Mtoto mdogo angejua kwamba yule ni mtu na kwamba hana bunduki.

"Baba," akaniuliza, jicho bado lipo kwenye chombo, "siku ile walipompiga mume wangu, hii mlikuwa nayo?"

Mkuu alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Nilimngoja ajibu. Alikuwa anakung'uta majani kwenye suruali yake. Basi nikajibu mimi, na nilisema tulikuwa, japo siku ile sikuwepo, maana viatu vyangu na vyao ni vya aina moja.

"Tulikuwa nayo."

"Ilikuwa wapi?"

"Ofisini, mama. Kabatini. Ni ya gharama sana. Tulikuwa tunaitunza isiharibike."

Akaitoa jichoni. Akaigeuza, na kwa mwanga mdogo wa kile kioo tuliona wote wawili kwamba karatasi ya nailoni iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Akaipapasa kwa kidole gumba, akaibana vizuri pembe iliyoanza kubanduka. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani.

"Haya," akasema. "Irudisheni kabatini."